Tuandikane: maneno kwa wakazi wa Magomeni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji, wajumbe, mashehe na wachungaji wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya Magomeni. Sitawasomea orodha ya miradi, maana miradi mnaiona wenyewe mkishuka Mapipa. Mnaona maghorofa ya Kota, mnaona soko jipya, mnaona mitambo kule bondeni. Mimi nimekuja kuzungumzia watu. Nani alikuwa anakaa wapi, na hilo limeandikwa wapi. Nimekaa hapa miaka mingi, nimefundisha watoto wenu na wengine wazazi wa watoto wenu, na katika yote yaliyotufika tangu mwaka 2011 nimeona kitu kimoja kikijirudia: aliyeandikwa alipata pa kuanzia kudai, na ambaye hakuandikwa alibaki na masimulizi tu.

Tuanze na Kota, kwa sababu pale tuna jambo la kujivunia.

Wadogo mnazijua Kota za maghorofa. Sisi tulizijua zile za chini, zilizojengwa na serikali ya mkoloni kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakifanya kazi mjini. Vyumba vidogo, uani mnaonana wote, ukikaanga samaki mtaa mzima unajua leo kuna nini. Uhuru ukaja, nyumba zikawa za umma, watu wakaendelea kulipa kodi, wakazaa, wakazika. Mwaka 2011 wakaambiwa wapishe ili eneo lijengwe upya. Kaya 644. Nyumba zikavunjwa. Wenye ndugu wakaenda kwa ndugu, wengine wakapanga Kimara, Tabata, Mbagala, kila mtu alikopata chumba.

Halafu eneo likakaa. Mnakumbuka lilivyokaa. Majani yakaota, vijana wakageuza uwanja wa mpira, mwaka ukaenda na mwingine ukaja. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale, akasikiliza wale wazee, akaahidi kwamba nyumba zitajengwa na wenyewe watarudi. Wakala wa Majengo wakapewa kazi. Yeye mwenyewe alifariki Machi 2021 kabla ya watu kuingia, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Miaka kumi na moja, ndugu zangu. Mtoto aliyetoka Kota akiwa darasa la kwanza alirudi ana kitambulisho cha taifa.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Mimi najiuliza: hivi baada ya miaka kumi na moja, nyumba imeshavunjwa, hata msingi hauonekani, unathibitishaje kwamba wewe ulikuwa mkazi wa pale? Mji huu una watu wangapi ambao wangependa kupewa fleti Magomeni, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi? Wangeweza kujitokeza elfu tano, kila mmoja na hadithi yake. Wale 644 walibaki 644 kwa sababu hawakuachiana. Walikuwa na umoja wao, walikuwa na kamati, walikutana hata pale ambapo hapakuwa na habari mpya ya kupeana.

Jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa Kota, aliwahi kunionyesha daftari lake. Ni kaunta buku, ile ya kwaya mbili, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Amepiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina la mpangaji, namba ya nyumba, watu wangapi ndani, simu. Majina ameyaandika kwa wino. Simu ameziandika kwa penseli, kwa kuwa watu hubadilisha laini, na kila akisikia mtu kabadilisha anafuta na kuandika upya. Kuna ukurasa karatasi imekuwa nyembamba kwa kufutwa. Pembeni ya majina kadhaa kuna alama ya msalaba au neno "marehemu", na chini yake "mrithi", kisha jina la mtoto au mjukuu. Nyuma kabisa amebana risiti zake za kodi kwa pini, zimekuwa rangi ya chai. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Nami nasema bila kusita kwamba madaftari kama lile yalifanya kazi kubwa sawa na winchi na zege.

Habari za kuuziwa zile fleti na bei yake, wenyewe wapo na wanaisemea vizuri kuliko mimi. Niliitaja Kota kwa ajili ya hilo daftari.

Sasa tushuke bondeni.

Mto Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, unakuja kilomita kama 35 mpaka baharini pale Salenda. Sisi tupo kwenye kiuno cha mwisho, mahali ambapo maji ya mji mzima yanakusanyika. Desemba 2011, mwaka uleule wa Kota, ikanyesha mvua ambayo watu wa hali ya hewa walisema haijaonekana tangu 1954. Zaidi ya watu arobaini walifariki katika jiji hili. Waliokuwa Suna, Hananasif, Kigogo, Jangwani na Mchikichini hawahitaji kusimuliwa. Mstari wa maji ulibaki ukutani juu ya dirisha, na kuna nyumba ambazo hata zilipopakwa chokaa ulirudi kuonekana.

Baada ya hapo kaya nyingi zikapelekwa Mabwepande, upande wa Bunju. Walipewa viwanja na mahema. Wapo waliojenga wakatulia, tunamshukuru Mungu. Wapo pia waliouza wakarudi bondeni, na nawaomba msiwaite wajinga. Mtu anayefua nguo za watu Upanga, au anayepanga nyanya Kariakoo saa kumi na moja alfajiri, ukimpeleka Mabwepande umempa ardhi lakini umemwondoa kwenye riziki yake. Alirudi kwa sababu tumbo lilimrudisha.

Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X kwa rangi nyekundu, tingatinga likafuata. Wengine wakaenda mahakamani, wengine wakabaki juu ya vifusi vyao, wakatandika maturubai. Mvua ikarudi, na ikarudi tena.

Mwaka 2022 ukapitishwa mradi mkubwa wa bonde. Benki ya Dunia dola milioni 200, Hispania na Uholanzi nao wakaongeza. Mpango wenyewe ni mzuri na naunga mkono kwa moyo wote: mto upanuliwe na kuchimbwa, udongo wake uinue kingo za pande mbili, katikati iwe bustani kubwa ya jiji ambayo maji yakija yanatandaa humo badala ya kuingia vyumbani mwa watu, karakana ya mabasi ya mwendokasi iondoke Jangwani ihamie Ubungo Maziwa, na pajengwe daraja refu. Mwaka 2023 watu wakaanza kulipwa fidia. Mwanzoni tathmini ilihesabu jengo bila ardhi, kwa kuwa bonde ni eneo hatarishi, watu wakalalamika, baadaye wakaongezewa fedha kwa ajili ya ardhi. Nyumba zikavunjwa.

Naomba nieleweke. Sitaki mtu yeyote arudi kulala bondeni. Aliyesikia mtoto analia juu ya bati usiku, na huku chini maji yanapita na makochi, hatamtakia mwenzake usiku kama ule. Kuhama kulikuwa sahihi. Ninachouliza ni hiki: waliohama wako wapi?

Nani hapa anaweza kusimama akanitajia wako wapi?

Fomu ya tathmini ya nyumba inaanza na jina la mwenye nyumba. Ni sawa, yeye ndiye aliyejenga. Lakini nyumba zetu mnazijua. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani. Jina moja kwenye fomu, kaya sita ndani. Chumba cha kwanza kulia fundi cherehani, cha pili mama anayeuza maandazi shuleni, cha tatu vijana wanne wa bodaboda. Siku nyumba inavunjwa, mwenye nyumba anajulikana amekwenda wapi, amenunua kiwanja Chanika au Kivule. Wale wengine walipakia godoro kwenye Bajaji, wakaaga, basi.

Nitawapa mfano mmoja, bila majina kwa sababu wenyewe hawajaniruhusu. Kilikuwepo kikundi cha vikoba kule Suna, akina mama ishirini na kitu, walikuwa wanakutana kila Jumamosi chini ya mwembe. Wana sanduku lao, funguo tatu kwa watu watatu, kila mtu ana hisa na mikopo iko nje. Nyumba zilipovunjwa, mwenye funguo wa kwanza akaenda Bunju, wa pili Gongo la Mboto, wa tatu akarudi kwao Tanga. Mikopo ilikuwa nje. Waliokopa hawakuwa wezi, walikuwa watu waliotawanyika katika wiki mbili. Sanduku lilipofunguliwa hatimaye, wanachama wengine hawakupatikana hata kwa simu. Hasara ile haikuingia kwenye fomu yoyote, na mthamini asingeweza kuiona, kwa sababu haikuwa na ukuta wala bati.

Mama mmoja wa pale alikuwa anapika wali maharage kwa mafundi gereji. Kaja kwangu mwaka jana, anatafuta wanachama wenzake. Ananiuliza mimi, kwa kuwa alijua niliwafundisha watoto wao. Nikampa namba nne. Ni nne tu nilizokuwa nazo.

Ndiyo maana nasema tuandikane.

Daraja la Jangwani nitalipitia haraka, kwa kuwa faida yake haina mabishano. Mita 390. Kila mwenye duka, kila mwanafunzi, kila mgonjwa aliyewahi kukwama Magomeni huku Muhimbili anaiona ng'ambo anajua kwa nini linajengwa. Polisi wakiweka utepe Jangwani, na Mkwajuni nako kumejaa, sisi huku tunakuwa kisiwa. Nilishawaona watu wamevua viatu, wamebeba mabegi kichwani, wanatafuta upenyo wa kwenda mjini. Daraja likamilike, na tuulize mapema sehemu ya waenda kwa miguu na ya baiskeli ikoje, kwa sababu sehemu kubwa ya watu wetu huvuka kwa miguu ili nauli ibaki ya kununulia unga.

Na mto ni mpaka. Ng'ambo hii Manispaa ya Kinondoni, ng'ambo ile Ilala, ambayo tangu Februari 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Taka haijui mpaka. Anayetupa mfuko Kigogo anauziba mfereji wa mwenzake Mchikichini. Mto ukishachimbwa kwa mabilioni na sisi tukaujaza chupa za maji na pampasi, hapo hakuna wa kumlaumu. Hilo nimeshasema mara nyingi hadi wajumbe wamechoka nalo, lakini nitaendelea.

Sasa hili lililobaki ndilo linaloninyima usingizi. Uhamisho unaokuja Magomeni hautakuja na rangi nyekundu. Utakuja na mnunuzi.

Tembeeni Mikumi, tembeeni Makuti, mhesabu nyumba za zamani zilizobaki. Mzee anafariki, watoto saba, wawili wako Mwanza, mmoja yuko Oman, hawaelewani. Anatokea mtu na fedha taslimu, nyumba inauzwa ndani ya mwezi mmoja, inavunjwa, pananyanyuka jengo la vyumba vya kulala wageni au apatimenti zenye geti. Simlaumu anayenunua na simlaumu anayeuza. Mji unakua, na eneo letu liko karibu na kila kitu. Bonde likishakuwa bustani na daraja likishasimama, bei itapanda zaidi, kila dalali wa hapa analijua hilo. Lakini nimeona mirathi ikiuzwa na mtu ambaye hakuwa msimamizi wa mirathi. Nimeona mjane akitolewa vyombo nje na huku kesi iko Mahakama ya Mwanzo hata haijasikilizwa. Nimeona mpangaji wa miaka kumi na tisa akipewa wiki mbili, kwa sababu hakuwa na mkataba wala risiti hata moja. Kodi alikuwa analipa mkononi, kwa kuaminiana na marehemu. Aliyenunua hakuwahi kuaminiana naye.

Kwa hiyo wito wangu ni huu.

Mtaa wetu uwe na daftari la kweli la wakazi. Najua mtaniambia tuliandikishwa Oktoba 2024 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Ile ilikuwa orodha ya wapiga kura. Haina mtoto wa shule, haisemi umeingia mtaa huu mwaka gani, haisemi nyumba ina kaya ngapi. Ninalolitaka liende chumba kwa chumba. Mpangaji aandikwe kama mwenye nyumba anavyoandikwa. Aandikwe mwaka alioingia. Akihama, iandikwe amehamia wapi, na namba ya simu iandikwe kwa penseli, kama yule mama wa Kota.

Wengine mnanong'ona, mimi nawaona. Mnaogopa daftari litakuwa la chama, au la kodi, au mtu atalichukua akawapigie watu simu za matapeli. Hofu hiyo ni ya haki na naiheshimu. Napendekeza likae ofisi ya mtaa chini ya Mtendaji, nakala moja ikae kwa wazee watatu tutakaowachagua leo hapa hapa kwa mikono, na hakuna anayeruhusiwa kulipiga picha. Wasimamizi wawe wa itikadi tofauti. Mkiona wazee hao wanakosea, mkutano huu huu uwaondoe.

Wenye nyumba, nawaomba kwa heshima: kodi mkiipokea andikeni risiti, hata ya kijitabu cha dukani. Inawalinda nyinyi pia. Na wenye nyumba za mirathi, teueni msimamizi mahakamani wakati bado mnaongea vizuri. Mkisubiri mnunuzi afike na begi, kila ndugu atakuwa na wakili wake.

Na jambo la mwisho, hili lina muda wake. Bustani ya bonde itakapofunguliwa kutakuwa na kazi. Kutakuwa na walinzi, wafagiaji, wakata majani, vibanda vya kuuzia chakula na vinywaji. Mnajua inavyokuwa: siku ya kugawa vibanda majina huwa yameshajaa, na wengi hujui wametokea wapi. Mimi nataka siku hiyo twende na orodha ya watu waliokuwa wakikaa juu ya ardhi ile. Yule mama wa wali maharage apate kibanda mahali palepale alipokuwa na jiko lake, kabla ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga tope la Suna. Sijaona mahali popote pameandikwa kwamba watapewa kipaumbele, kwa hiyo ni sisi wa kulidai, na hatuwezi kudai kwa niaba ya watu ambao hatujui walipo.

Kazi hiyo inaanza leo. Pale chini ya ukuta kuna meza mbili. Ya kushoto ni ya wakazi wa sasa, ya kulia ni ya walioondoka bondeni. Kwenye meza ya kulia, andika jina la jirani yeyote unayemkumbuka, hata kama ni "Mama Fulani" tu, mlango aliokaa, na mtu anayeweza kujua alikokwenda. Vijana wanne wa kidato cha nne wapo na kalamu, wana mwandiko mzuri, nimewakagua mwenyewe. Nyinyi mliosimama nyuma njooni kwanza mbele, kwa kuwa ndio mliochoka zaidi. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti upokee majina ya wale wazee watatu. Mwenye swali kwangu nitakuwa pale meza ya kulia mpaka mtu wa mwisho aandikwe.